Ombi Moja la Kaka Yako

Washington,
Jumapili, 8 Eluli, mwanzo wa Septemba.

Mpendwa Wifi Shterna,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta umeshaiweka kando ile fimbo, na nyonga yako mpya inakubeba vizuri. Je, shemeji Boruch kifua chake kinaendeleaje? Mwambie Vienna imejaa madaktari, aache kujitibu kwa chai ya malimau. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Joto la mwaka huu lilitaka kutumaliza, lakini asubuhi zimeanza kupoa, watoto wamerudi shule, na nyumba imetulia kidogo.

Yule mjukuu wetu wa New York ameota meno, na kila anayempakata anang'atwa. Mama yake, Ester-Leah, anasema ukali huo ameurithi kwa shangazi. Sikutaja shangazi yupi.

Picha za harusi ya London zimefika, na ndizo zilizonikalisha niandike. Nimemwona kaka yako kwenye picha zote, amekaa mwisho wa meza kama mgeni ambaye hajui kaalikwa na nani. Najua na wewe ulimwona, maana uliponipigia simu uliniuliza, "Gitel, Naftali anaumwa?" Nikakujibu amechoka. Alikuwa amekaa pembeni yangu, ningesema nini? Haumwi, wifi. Yamemfika mambo, na afadhali uyapate kwangu kuliko kwa watu, kwa sababu watu wameshayatia chumvi.

Unaijua kazi yake ilivyokuwa. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa anatoka hapa na begi lake la mikate ya Sabato na mishumaa, anazunguka kwenye ofisi za serikali kuwatafuta Wayahudi waliomo: mshauri wa waziri huyu, karani wa mbunge yule, jemadari mmoja mwenye nyota begani ambaye mama yake alikuwa akimwimbia kwa Kiyidi, lugha ya wazee wetu. Hakuwahubiria. Aliwasalimu, akawapa mkate, na aliyetaka alimfunga tefilini, vile visanduku vya maandiko na mikanda yake, mkononi na kichwani, akasali naye dakika mbili. Hata walinzi wa mlangoni ambao si wetu walikuwa wanamsubiri. Yupo mama mmoja pale getini, Bi Loretta, alikuwa akilipitisha begi kwenye mashine na kumwambia, "Rabi, mashine inasema humu mna mkate wa zabibu. Itabidi niushike kwa uchunguzi." Na kweli aliushika, kila wiki.

Unakumbuka pia maneno ya marehemu baba mkwe siku tulipoagana naye kuja huku. Alimshika kaka yako bega akamwambia, "Wakubwa wamezoea watu wenye mikono ya kupokea. Wewe ingia na mkono wa kutoa, na ukitoka, toka mikono mitupu." Kaka yako aliyashika maneno hayo kama amri. Watu wa sinagogi walimjia na haja zao, huyu anataka mwanawe apate kazi, yule ana kesi ya kiwanja, naye akawajibu wote jibu moja: "Mimi kule siombi." Wengine walinuna. Wengine walimwita rabi wa matajiri. Hakubadilika.

Sasa nikueleze habari za Bwana Harvey Feuerman. Hukuwahi kukutana naye. Alikuwa mkuu wa ofisi moja ya serikali ambayo hutoa neno la mwisho kuhusu wageni waliokataliwa kukaa nchini. Siku ya kwanza kaka yako alipogonga mlango wake, Bwana Feuerman hakuinua hata macho. Akasema, "Rabi, nina dakika tano, na mimi ni Myahudi wa mara moja kwa mwaka."

"Basi mwaka huu ndiyo leo," kaka yako akamjibu.

Yule bwana akacheka, akakunja mkono wa kushoto wa shati. Mara ya mwisho kuvaa tefilini alikuwa na miaka kumi na mitatu, huko Pittsburgh, marehemu baba yake, muuza nyama, akiwa amesimama nyuma yake. Kaka yako aliniambia kwamba mkanda ulipomgusa mkono, alitazama dirishani kwa muda mrefu.

Tangu hapo akawa mtu wetu. Alikuwa mjane, anaishi peke yake na redio. Alianza kwa kuja kula Ijumaa jioni, mara moja moja, halafu kila wiki. Baadaye akaacha kuendesha gari siku ya Sabato, akawa anakuja kwa miguu, hata kwenye theluji, anafika pua nyekundu na kusema, "Gitel, nimechelewa kwa sababu Mungu ameleta foleni." Watoto walimpenda. Siku moja mezani alisema jambo ambalo sote tulilichukulia kama mzaha mwema. Alisema, "Kila mtu anayeingia ofisini kwangu ana jambo lake mfukoni. Huyu peke yake anakuja na mkate, na ndani ya mkate hamna kitu ila mkate."

Na alikuwa akiipenda sana pilau. Hapo ndipo nikutajie Zoya.

Zoya Pinkhasova ni Myahudi mwenzetu, Mbukhara kutoka Tashkenti, aliyekuwa akinisaidia kupika Alhamisi na Ijumaa mchana. Ile pilau ya kwao yenye karoti na zabibu kavu ilikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa anaondoka mapema kuwahi Sabato kwake na mabinti zake wawili, Milana na Stella, kwa hiyo hakuwahi kuonana na Bwana Feuerman. Mumewe, Arkadi, ni kinyozi. Yeye ndiye aliyewanyoa wanangu wadogo walipotimiza miaka mitatu, kama ilivyo desturi yetu, akimwimbia kila mmoja mpaka anaacha kulia. Walikuja kutoka Tashkenti na ruhusa ya muda, muda ukaisha, wakaomba wakubaliwe kukaa, wakakataliwa, wakakata rufaa. Wakati huo wote walikuwa wakiishi kama watu wengine, wanakwenda kazini, wanalipa pango, wanawapeleka watoto shule.

Baada ya sikukuu ya Purimu, mwezi Machi, watu wa uhamiaji walikuja kumchukua Arkadi asubuhi, akiwa anafungua duka. Wakamweka kwenye kituo cha wanaosubiri kurudishwa kwao, huko Virginia. Zoya hakuacha kuja kupika. Nilimwambia apumzike, akanijibu, "Dada Gitel, nikikaa nyumbani nitaiangalia ile nguo yake ya kazi pale mlangoni." Basi akawa anakata vitunguu na kulia, na sisi wote tunasingizia vitunguu.

Mwezi Mei wakili akamwambia rufaa imefika kwenye ofisi ya mwisho. Alhamisi moja Zoya akaingia jikoni kwangu, hakuvaa aproni. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha vitabu akasimama mbele ya kaka yako.

"Rabi, wakili amenitajia mkuu wa ofisi ile. Anaitwa Feuerman. Watu wanasema unamjua."

Kaka yako alikifunga kitabu. "Namjua."

"Sikuombi umdanganye. Mwambie tu kwamba Arkadi ni mtu. Basi. Mwambie kuna mtu."

Hakumjibu ndiyo wala hapana. Alimwambia atafikiri, na Zoya akarudi jikoni, akavaa aproni, akaosha mchele.

Wifi, sijawahi kumwona kaka yako katika hali ile. Chakula cha jioni hakukigusa. Alizunguka sebuleni akizungumza na mimi na huku akijibizana na nafsi yake. Aliniambia, "Imeandikwa usisimame ukitazama damu ya jirani yako. Na baba alisema nisiombe. Nimsikie nani?" Nikamwambia, "Mimi najua tu kwamba Stella ananiuliza kila siku kama kule Virginia kuna vinyozi." Alichukua kitabu cha zaburi akakaa nacho.

Kesho yake akaenda. Sikuwepo, nakueleza kama alivyonieleza yeye. Alimkuta Bwana Feuerman ana furaha, ameshakunja shati lake, anangojea tefilini kama kawaida. Kaka yako hakuzitoa. Alisema, "Harvey, kabla hatujasali. Yupo mtu anaitwa Arkadi Pinkhasov."

Bwana Feuerman aliinua mkono. "Rabi, usiendelee."

"Ni kinyozi. Ana mke na mabinti wawili. Mkewe ndiye anayeipika ile pilau."

"Nimekuambia usiendelee."

"Nimeshasema, Harvey."

"Ndiyo," yule bwana akasema. "Umeshasema."

Halafu akaushusha mkono wa shati, taratibu, akafunga kifungo. Akamwomba kaka yako atoke, kwa adabu kabisa, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshika simu anamwita mwanasheria wa ofisi.

Hatukuelewa. Tulidhani amekasirika, na hasira hupoa. Ijumaa hiyo hakuja kula, wala iliyofuata. Zoya tulimwambia tu kwamba neno limefikishwa. Alimbusu kaka yako kwenye kona ya koti, kama wanavyombusu rabi wao huko kwao.

Mwezi Juni jibu likatoka. Rufaa ilikataliwa. Arkadi alipandishwa ndege kabla Zoya hajafika Virginia na sanduku la nguo. Alirudi nalo. Lilikuwa bado hapa kwenye ukumbi wangu Bwana Feuerman alipokuja.

Alikuja Jumapili mchana. Hakukaa kwenye kiti chake cha siku zote, alikaa kwenye kile kilicho karibu na mlango. Nilimletea chai, hakuigusa. Alimwambia kaka yako, "Nimekuja kwa sababu sasa limekwisha, na naruhusiwa kusema. Ile rufaa ilikuwa mezani kwangu siku uliyokuja. Nilikuwa nimeshaisoma yote. Nilikuwa nimeamua abaki. Ningesaini Jumatatu."

Nilimtazama kaka yako.

"Sheria ni moja," Bwana Feuerman akaendelea. "Mtu wangu wa karibu akiniombea mtu, sina ruhusa tena ya kuamua. Lazima niandike aliyesema, alichosema, na nimpe mwenzangu. Nilimpa. Yeye ameona tofauti na nilivyoona mimi. Hakukosea kisheria."

"Kwa nini hukuniambia ninyamaze mapema?" kaka yako akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mapema lini, Naftali? Miaka yote hii hukuniomba kitu. Sikujua kama kuna haja ya kukuonya."

Ndipo Bwana Feuerman akasema neno ambalo kaka yako analitembeza kichwani mpaka leo. Alisema, "Usidhani nimekasirika kwa sababu uliomba. Mtu huomba kwa ajili ya jirani yake, na mimi ningeomba. Lakini tangu siku ile naikumbuka mikate yote uliyoniletea, mmoja mmoja, na ninajiuliza ndani yake mlikuwa na nini. Najua hamkuwa na kitu. Najiuliza tu, na siwezi kuacha."

Akasimama. Alinishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akawagusa watoto vichwani, akaenda. Mwezi Julai alistaafu, akahamia kwa binti yake huko Oregon. Tefilini za nyumbani kwake alizinunua mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na cha kuturudishia. Kama anazivaa au hazivai, hatujui. Kaka yako alimwandikia. Jibu lilikuja kwenye kadi, la heshima, lisilo na kitu ndani.

Kazi nayo imekufa kifo cha polepole. Hakuna aliyemfukuza. Baada ya mambo kuandikwa, msimamizi wa jengo alimshauri apumzike kuja mpaka uchunguzi uishe, ukaisha, akaambiwa hana kosa, karibu tena. Lakini wale waliokuwa wakimfungulia mlango sasa wana mikutano. Yule jemadari ana mkutano. Karani wa mbunge ana mkutano. Sisi si watoto, tunaelewa. Wiki iliyopita Bi Loretta wa getini alinipigia simu kuuliza kama rabi ameaga dunia, akasema nimsalimie, na kwamba mashine siku hizi haina cha kuchunguza. Nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikalia.

Watu wa sinagogi wanasema yao. Kuna wanaosema angekwenda mapema, tangu Purimu. Kuna wanaosema asingekwenda kabisa. Hawa na hawa wanakuja kwetu kula.

Lakini lililomvunja kaka yako zaidi, wifi, si hilo. Ni Zoya.

Mwisho wa Agosti alikuja kuaga. Arkadi alikuwa ametoka Tashkenti kwenda kwa baba yake mdogo, na Zoya alikuwa anamfuata na mabinti. Alikuja na hao wawili, wamesukwa nywele, wamevaa nguo za safari. Alitoa ufunguo wa jikoni aurudishe. Kisha akamwendea kaka yako akasema, "Rabi, sikuja kulia. Nimekuja kukushukuru. Wakili alichoka nasi, majirani waliogopa. Wewe peke yako ulifungua mdomo kwa ajili ya Arkadi. Nitawaambia wajukuu zangu."

Nilimwomba Mungu kimyakimya kaka yako aipokee shukrani ile, amwache mwanamke aende. Unamjua kaka yako. Akasema, "Zoya, kaa kidogo."

Akamweleza. Hakupunguza kitu, hakujitetea. Milana, mkubwa, alikuwa anasikiliza. Stella alikuwa anacheza na paka. Alipomaliza, Zoya alikuwa bado ameushika ufunguo, hajauweka mezani.

"Jumatatu," akasema.

"Ndiyo."

"Angesaini Jumatatu. Ungekaa tu nyumbani Ijumaa ile."

"Ndiyo."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, na nililiona lile jambo linavyompata. Akasema, polepole kabisa, "Lakini aliyekuomba uende ni mimi."

Kaka yako akaruka. "Hapana. Wewe ni mke, mke lazima aombe. Anayezijua zile nyumba ni mimi. Nilipaswa kuuliza kwanza kama inaruhusiwa. Kosa ni langu."

Sidhani kama alimsikia. Aliuweka ufunguo, akamnyoosha Stella kola, akawashika mikono akatoka nao. Niliwafuata mpaka kwenye ngazi. Pale chini aligeuka akaniambia, "Dada Gitel, afadhali asingeniambia. Ningekwenda na shukrani yangu. Sasa nakwenda na nini? Arkadi akiniuliza usiku, nitamwambia nini?"

Nilimkumbatia, akakubali kukumbatiwa, basi. Tangu aondoke hapokei simu zetu.

Kaka yako anasema asingeweza kupokea shukrani za uongo. Mimi nasema, sijui. Tumelijadili mpaka tumechoka. Kuna siku namwona alifanya haki, na kuna siku nauona uso wa yule mwanamke pale kwenye ngazi. Mwanzoni nilidhani tuna jambo moja la kujutia. Sasa yamekuwa mawili, na la pili hatujui hata kama ni la kujutia.

Sasa, wifi, sababu yenyewe ya barua. Huyo baba mdogo wa Arkadi yuko hapohapo kwenu Vienna. Ana kibanda cha kushona viatu karibu na soko lile unalonunua samaki, na jina lake ni Ilyas Pinkhasov. Mabinti watahitaji shule, na wewe walimu wote unawajua. Nakuomba uwatafute. Waalike Sabato. Usiwafiche kwamba wewe ni dada yake Naftali, wangejua tu, na wameshachoka na mambo ya kujua baadaye.

Kaka yako amekata tiketi. Atafika kwenu baada ya Mwaka Mpya wetu, Eluli ikiisha, kabla ya Siku ya Upatanisho, kwa maana kosa la mtu kwa mtu Mungu hulisamehe akishasamehe aliyekosewa. Anataka kusimama mbele ya Zoya na Arkadi wote wawili, ili lile swali la usiku alijibu yeye, asiachiwe mke. Nimemwambia aulize kwanza kabla ya kugonga. Amekubali. Kwa hiyo muulize Zoya, kwa upole, kama atamfungulia.

Akisema ndiyo, mwonyeshe kaka yako njia, mwache aende peke yake. Akisema hapana, usimbembeleze, na usimwambie kwamba Naftali ni mtu mwema. Mwache kaka yako akae kwako, afunge na nyinyi, ale supu yako, arudi. Na yeye naye usimwambie kwamba Zoya amekosea.

Msalimie sana shemeji Boruch, mwanao Perel na mumewe, na mapacha wao. Watoto wanamwamkia shangazi yao. Bibi Henya wa ghorofa ya chini bado yu hai na bado anakudai ile sahani ya keki. Mungu akuandikie mwaka wa afya, mkate usikauke mezani pako, na wote uwapendao wawe karibu kiasi cha kuitika ukiwaita.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye daima,
Gitel.